Kwa Nini Nyama Haivuki Mto Kasimbi

Mmeniuliza kwa nini sisi wa Upande wa Mawe hatuli nyama ya porini ya ndugu zetu wa Upande wa Mchanga, wala wao hawali yetu. Mmeuliza pia kwa nini maneno yao ya uwindaji si maneno yetu, wakati lugha ni moja na mababu ni wale wale. Kaeni niwaeleze kama nilivyoelezwa mimi. Msitegemee kufurahi.

Kulikuwa na wakati ambapo Mto Kasimbi ulikuwa maji tu. Watu waliuvuka asubuhi kwenda kuomba chumvi, wakauvuka tena jioni kurudisha ungo. Msichana wa huku aliolewa kule, wa kule akaolewa huku, na hakuna mama aliyelia kwamba mwanawe amekwenda mbali. Wanaume wa pande zote mbili waliwinda pamoja. Mnyama akiangushwa huku, paja lilifika ng'ambo kabla halijapoa.

Kuwinda kulikuwa na utaratibu. Wenye miguu myepesi walizunguka nyuma ya wanyama na kuwatimua; hao waliitwa wafukuzaji. Wenye mikono ya kulenga walijificha mbele na pinde zao. Hao walikuwa waviziaji. Mishale ilipakwa sumu ya mizizi iliyochemshwa mpaka ikawa nyeusi na nzito. Sumu hiyo iliua upesi, lakini nyama iliyogusana na kigumba cha mshale haikulika. Kwa hiyo mnyama alipoanguka tu, kabla ya jambo lingine lolote, mtu alichomoa kisu akakata duara kuzunguka mshale, kina cha kidole, akaitoa nyama hiyo na kuitupa mahali mbwa hawafiki.

Kila mwanamke aliyewahi kupika nyama ya porini alilijua tundu hilo. Ulikuwa ukigeuza paja chunguni unalikuta, la mviringo, kingo zake zimekatwa sawasawa. Halikufanana na jeraha la jino, wala la kwato, wala la mkuki. Wakati huo halikuwa na jina. Hakuna aliyeona haja ya kulipa tundu jina.

Wanawake nao walikuwa na utaratibu wao, ingawa hawakuutunga wenyewe. Mume akienda porini, mke alikalia moto. Maana yake alikaa karibu na jiko lake mpaka mume arudi. Hakuoga, hakufagia, hakumpa jirani kaa la moto, hakutoka uani. Waliamini kwamba mke akitembea, mnyama naye hugeuka na kumrudia mwindaji. Mume akirudi mzima na nyama begani, watu waliusifu mkono wake. Akirudi ameumia, walimwuliza mkewe alikwenda wapi.

Mkuu wa wawindaji siku hizo alikuwa mzee wa huku kwetu, Nsimba. Ujanani alikuwa mviziaji hodari, hilo hakuna anayelikataa. Lakini uzeeni macho yake yaliingia ukungu, na bado alibeba upinde. Kila mtu alijua. Siku moja akiwa mbele ya wenzake alikisalimu kichuguu kando ya njia, akakiuliza habari za nyumbani, na wanaume waliokuwa nyuma yake wakaitikia kwa niaba ya kichuguu.

"Nzuri, mzee. Watoto wazima."

"Mwambie baba yako nitapita," Nsimba akasema.

"Ataambiwa."

Walicheka walipofika nyumbani, kwa wake zao, milango ikiwa imefungwa. Mbele yake hakucheka mtu, kwa sababu mkuu wa wawindaji ndiye aliyegawa nyama. Yeye ndiye aliyesema nyumba hii ichukue paja na nyumba ile ichukue kwato. Mwaka wa njaa, tofauti ya paja na kwato ni mtoto kuishi au kutoishi. Basi walimwacha na upinde wake.

Katika wafukuzaji alikuwamo kijana wa huku aitwaye Lugendo. Mkewe alikuwa Kalunde, mzaliwa wa Upande wa Mchanga. Walikuwa na watoto wawili wa kiume, Kapela aliyekuwa ameanza kung'oa meno ya utoto, na Limbu aliyekuwa ametoka tu kuachishwa ziwa. Mama yake Lugendo, Nyanso, alikaa nao ua mmoja. Alikuwa mjane, na Lugendo ndiye mwanawe pekee aliyebaki hai.

Mwanzo wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka lakini bado hazijachomwa, wawindaji walikwenda kumfuata nyati aliyeonekana bondeni. Kalunde akakalia moto. Siku ya pili Limbu akashikwa na homa. Mwili ulichemka, midomo ikapasuka, akawa hata kulia hawezi. Mtungi ulikuwa umekauka. Nyanso alikuwa shambani pamoja na Kapela, na majirani hawakuruhusiwa kuingia ua wa mwanamke anayekalia moto. Kalunde aliita, hakuna aliyejibu. Akamfunga mtoto mgongoni, akashuka mtoni, akamlowesha, akamnywesha, akajaza mtungi, akarudi. Langoni alikutana na Nyanso akitoka shambani.

Nyanso alitazama mtungi uliokuwa ukidondosha maji, akamtazama mtoto.

"Amekunywa?" aliuliza.

"Amekunywa."

"Ingia ndani basi, wasikuone."

Lakini walikwisha kumwona. Wanawake waliokuwa mtoni walimwona, na jambo kama hilo halikai mdomoni kwa mtu.

Wawindaji walirudi jioni wamebeba machela ya fito. Juu yake alilala Lugendo. Ubavuni alifungwa majani na kamba za magome, yamekazwa sana. Walisema nyati aligeuka ghafla akampiga pembe, akafa pale pale. Walisema majani yasifunguliwe, azikwe hivyo hivyo alivyo.

Desturi ya siku hizo, maiti ya mwindaji ilioshwa na mkewe na mama yake. Waliingia wote wawili, wakafunga mlango. Kalunde alianza na miguu, akapanda mpaka kiunoni. Alipofika kwenye majani akayafungua.

Akapangusa damu mpaka jeraha likaonekana lote.

"Nyati hachongi," Kalunde alisema.

"Osha, mwanangu."

"Mama, umepika nyama ya porini tangu mimi sijazaliwa. Weka kidole uone."

Nyanso hakuweka kidole. Hakuhitaji. Lilikuwa tundu la mviringo, kina cha kidole, kingo zimekatwa sawasawa.

Siwezi kuwaambia kwamba wale wanaume walimkata Lugendo kwa ubaya. Mshale ulikuwa umempata mtu, sumu ilikuwa inaingia, nao walijua kufanya jambo moja tu mshale ukishaingia kwenye nyama. Mikono yao ilifanya ilichozoea. Labda walitaka kumwokoa. Ubaya ulikuja baadaye, walipokaa kando ya maiti na kukubaliana watakachosema.

Nyanso alichukua majani akayarudisha juu ya tundu.

"Funga," alisema.

Baada ya maziko wazee waliita baraza. Nsimba hakuongea sana. Alisema mwindaji mzuri amekufa, na mwindaji mzuri hafi bure, basi nyumba yake iulizwe. Wanawake waliokuwa mtoni wakaeleza walichokiona. Kalunde hakukana. Alisema alikwenda mtoni kwa sababu mtoto alikuwa anakufa.

"Ukampa maji mtoto, ukamtoa mume," mzee mmoja alisema.

"Mume wangu hakuuawa na nyati," Kalunde alijibu. "Alikuwa na tundu ubavuni. Mnalijua tundu lenyewe, mnalikata kila siku. Nani aliyepiga ule mshale?"

Wanaume walitazama miguu yao. Nsimba alitazama mbele, mahali ambapo pengine hakuona kitu.

"Maneno ya mjane ni machungu, tunamvumilia," mzee yule alisema. "Aliyemwosha pamoja nawe ni nani?"

"Mama Nyanso."

Basi Nyanso akaitwa katikati. Kalunde alimsogelea akapiga magoti mbele yake kama mkwe anavyopaswa.

"Mama, sikuombi unitetee," alisema. "Sema tu ulichokiona. Wakiamini nimemwua, watoto wangu wanabaki, mimi ninaondoka."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na kila mtu pale alilijua. Mke aliyevunja kukalia moto na mume akafa, alirudishwa kwao mikono mitupu. Watoto walikuwa wa ukoo wa baba.

Wanawake wote walikuwa wakimtazama Nyanso, na wote walikwisha kuelewa, maana kila mmoja wao alikuwa na chungu nyumbani.

"Ilikuwa pembe," Nyanso alisema.

Baraza likaisha. Hakuna mwanamke aliyefungua mdomo, na mimi siwasemi vibaya, kwa sababu jioni ile nyama ya nyati ilikuwa inagawiwa. Ndiyo, walikuwa wamemwua na nyati pia. Nyama yake waliirudia bondeni asubuhi iliyofuata. Ua wa Nyanso ulipata paja zima.

Kalunde alifunga vitu vyake, vilikuwa vichache. Kapela alikuwa amekaa kizingitini, Limbu amelala ndani, homa imeshuka. Nyanso alikuwa akikoka moto chini ya chungu.

"Mama, kwa nini?"

"Baba yao hayupo," Nyanso alisema, hakugeuka. "Anayegawa ni Nsimba. Ningesema ulivyotaka, hawa wangekula nini mwaka huu?"

"Na mimi?"

"Wewe una kwenu."

Kalunde akauvuka mto. Alikuwa na kwao, kweli. Mama yake alikuwa hai, na dada zake, wakampa mahali pa kulala. Aliwaeleza habari yote, mara moja, bila kulia. Akalima, akatwanga, akateka maji. Lakini alipoteka maji alichagua mahali palipotazamana na kivuko cha huku, na wakati mwingine aliwaona watoto wake, wadogo kwa mbali, na mtu mwingine akiwaosha.

Wawindaji wa pande mbili walikwenda tena porini mwezi uliofuata. Wanawake wa Mchanga hawakukalia moto. Walifagia, walioga, walikwenda kisimani wakiimba. Dada zake Kalunde ndio walioanza, na wengine wakafuata kwa sababu walikwisha kuchoka siku nyingi, walikuwa wakisubiri tu mtu wa kwanza. Wanaume waliporudi, vyungu vyote vya Upande wa Mchanga vilikuwa vimefudikizwa, midomo chini.

"Mna wazimu?" waliuliza.

"Mmerudi wangapi?" wanawake wakauliza.

"Wote."

"Basi tumetembea na hakuna aliyekufa. Sasa tuambieni nani alimpiga Lugendo, ndipo tupike."

Vyungu vilikaa vimefudikizwa. Nyama ikaanza kunuka. Mwisho mwindaji mmoja wa Mchanga, Mgalula, akasimama mbele ya watu akasema alikuwapo. Lugendo aliinama majanini, nyasi zikatikisika, Nsimba akaachia mshale. Yeye Mgalula ndiye aliyemshika mabega wakati wakikata, na Lugendo alikuwa bado hai, alikuwa akiwaambia wakate upesi.

Kalunde alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwapo barazani," alisema.

"Nilikuwapo, dada."

"Ungesema siku ile, ningekuwa na wanangu."

"Siku ile Nsimba alikuwa anagawa."

Kalunde hakumtukana. Alikwisha kulisikia jibu hilo kwa mtu mkubwa zaidi yake.

Wazee wa Mchanga walituma ujumbe huku, na Mgalula mwenyewe akaja kuusema. Wazee wetu walimkaribisha wakampa kigoda. Walisikiliza, wakashauriana, wakajibu kwa adabu. Walisema ajali ni ajali, na Nsimba ni mzee, haifai kumwaibisha. Walisema hata hivyo Kalunde alikwenda mtoni, hilo lenyewe alikubali. Na watoto walikwisha kuzoea. Hawakukataa ukweli. Waliupokea kama mtu anavyopokea ungo wake uliokuwa umeazimwa, akauweka pembeni na kuendelea na kazi.

Tangu hapo wanaume wakaacha kuwinda pamoja, na kila upande ukawa na mambo yake. Kule Mchanga waliweka sharti kwamba mviziaji asiachie mshale mpaka ameona kichwa na miguu. Nyasi zinazotikisika hazipigwi, hata kundi lote likipotea. Sharti hilo wanaliita hivyo hivyo, kichwa na miguu, na mwindaji wa kule akikwambia kwamba fulani hana kichwa na miguu, amekutukania mtu. Wazee wao wa uwindaji hupimwa kila mwaka kabla ya kiangazi. Wanawake hufunga mbuzi na mbwa ng'ambo ya shamba, na mzee hutakiwa kusema yupi ni yupi. Akimwita mbwa mbuzi, upinde unapewa mwingine palepale, na watoto wanaruhusiwa kucheka. Mwanamume wa kule akiondoka husema anakwenda kuwinda, anakwenda bonde gani, na nani atakuwa mbele yake. Na nyama ikifika, wanawake huikagua kwanza, na kila tundu lina mtu wa kulieleza.

Huku sisi husema bwana amekwenda kutembea. Hatuulizi wapi. Tunakalia moto.

Na lile tundu likapata jina, kwa kweli likapata majina mawili. Wanawake wa Mchanga, mwindaji anapokata nyama ya sumu, humtaka aitaje kwa sauti, na jina lake ni Lugendo. "Nimetoa Lugendo," husema, kisha huitupa. Huku kwetu wazee nao waliona ni vizuri kulipa jina, kabla halijapewa jina lile na watoto wetu. Wakaliita fungu la pori. Wakafundisha kwamba pori nalo lina haki yake katika kila mnyama.

Lakini nyama bado ilikuwa ikivuka mto. Ndugu walikuwa ndugu. Iliacha kuvuka hivi.

Kapela alikua, akawa mviziaji. Desturi ya pande zote mbili ilikuwa moja, kwamba mnyama mkubwa wa kwanza wa kijana, paja la nyuma hupelekwa kwa mama yake mzazi. Kapela akaangusha pofu, yule mnyama wa porini mkubwa kama ng'ombe. Watu wa huku walingoja kuona atafanya nini. Akalibeba paja begani akashuka kivukoni mchana, watu wakimtazama, akavuka.

Kalunde alikuwa ameambiwa anakuja. Alikuwa ameoga, amepaka mafuta, ameteleka maji. Alimpokea paja, akamkalisha, akampa uji. Alimtazama sana, kwa kuwa alikuwa amemwacha na mapengo kinywani na sasa alikuwa na ndevu.

"Limbu hajambo?"

"Hajambo, mama. Ameoa. Leo yuko matembezini, mkewe amekalia moto."

Kalunde akalivuta paja karibu, akaligeuza ili alikate, na vidole vyake vikaingia kwenye tundu.

"Hili mnaliitaje huko kwenu?"

"Fungu la pori."

"Na baba yako, nani alimwua?"

"Nyati."

"Nani alikwambia?"

"Bibi."

"Bibi bado yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Anaona?"

"Anaona vizuri," Kapela alisema. "Mpaka leo anatunga uzi sindanoni mwenyewe."

Kalunde alilifunga lile paja kwenye majani yake, akaliweka mikononi mwa mwanawe.

"Nyama hii ni ya aliyekulea," alisema. "Mpelekee. Mwambie Kalunde ameigeuza, ameiona, hakuipika."

Kapela akashuka tena kivukoni. Alikuwa mwanamume mzima, amebeba nyama yake ya kwanza kurudi nayo kwao, na pande zote mbili za mto zilimwona. Alipofika aliliweka paja mbele ya Nyanso akasema maneno kama alivyoambiwa. Nyanso hakuuliza maana yake. Alilipika, kwa kuwa nyama ni nyama na wajukuu wa ukoo walikuwa wengi. Wanasema aliila mwenyewe sehemu ile yenye tundu, polepole, na hakumpa mtoto hata mmoja.

Na tangu paja lile lirudishwe, nyama ya porini haijauvuka Mto Kasimbi. Maharusi huvuka, wafiwa huvuka, mbegu na kuku huvuka. Mtu wa kule akija kwetu tunampa kunde, nasi tukienda kwao tunapewa samaki. Kule wanapika baada ya kulitaja jina. Huku tunaliweka paja chunguni, tunaligeuza tundu litazame chini, na tunafunika.